Vifaa vya shule vya mwaka mpya: vijaribu kabla hujavilipia (uzi mrefu)

MLETA UZI

Habari zenu wazazi, walezi na walimu wa humu. Shule zinakaribia kufunguliwa na najua wengi mna orodha ya vifaa mkononi. Kabla hamjaenda dukani naomba tulijadili jambo moja kwa kirefu: kifaa cha shule hakichaguliwi kwa macho, kinachaguliwa kwa kukijaribu. Penseli, daftari, begi, hata chati ya ukutani, kila kimoja kina jaribio dogo unaloweza kulifanya ukiwa umesimama pale pale mbele ya muuzaji.

Na fedha zianzie kwenye vile ambavyo mtoto anavishika kila saa. Penseli na daftari yuko navyo kutwa nzima. Mkebe wenye katuni anaufungua asubuhi na kuufunga jioni. Mkebe wa kifahari uliojaa penseli mbovu unamchosha mtoto mkono na kumkatisha tamaa ya kuandika, nasi tunabaki kusema ni mvivu.

Nianze na PENSELI, maana ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote.

Ule moyo mweusi wa ndani ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikachomwa. Njia hiyo aliipatia hataza Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita vilipoizuia Ufaransa kupata grafaiti safi ya Uingereza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na maandishi yake hafifu. Hizo ndizo zenye herufi H. Udongo ukipungua, huwa laini na nyeusi. Hizo ni B. HB iko katikati, na ndiyo ile inayoandikwa namba 2 kwenye penseli za Kimarekani.

Kwa mtoto anayeanza kuandika, mimi nasema B au 2B. Vidole vyake bado havina nguvu. Mpe ngumu uone: anakandamiza mpaka herufi zinatokea upande wa pili wa karatasi, vidole vinakuwa vyeupe kwenye ncha, na mstari wa tatu haufikii. Penseli laini inaacha alama kwa kuguswa tu. Ubaya wake ni kwamba inachafua kidogo na inaisha haraka. Akishakomaa mkono, HB inamtosha. Kama mnapata zile nene au zenye pembe tatu, zinamsaidia kushika vizuri bila kukumbushwa kila dakika.

Sasa jaribio. Itazame penseli kwenye kitako chake. Ule moyo uko katikati kabisa, au umeegemea upande? Ukiegemea, kila ukichonga utaona upande mmoja mbao inafika hadi nchani na upande mwingine moyo umebaki wazi, halafu unakatika. Wazazi wengi hulaumu kichongeo au mtoto, kumbe penseli ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Zingine hukatika kwa sababu zimeangushwa sana na moyo umevunjika vipande ndani kwa ndani. Hizo huwezi kuziona, kwa hiyo mfundishe mtoto asizirushe.

Kichongeo kiwe cha chuma, chenye wembe ulioshikwa na skrubu. Ufutio uwe mweupe na laini. Usugue kwenye karatasi yenye maandishi, na ukiacha doa la rangi au kuchuna karatasi, urudishe. Ule wenye umbo la tunda na harufu ya pipi usimpe mtoto mdogo kabisa, maana atauweka mdomoni.

MADAFTARI. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Karatasi ya mashine ya kunakili kwa kawaida ni gramu 80. Madaftari mengi ni pungufu ya hapo. Ikiwa nyepesi mno, wino unatokea nyuma na mtoto anaandika upande mmoja tu, kwa hiyo daftari la kurasa 100 linakuwa la kurasa 50. Jaribu hivi: andika neno moja kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa mwisho, geuza, tazama. Kisha andika kwa penseli, futa, tazama kama karatasi imetoa manyoya.

Fungua katikati uone lilivyofungwa. Lililoshonwa kwa uzi linadumu. La pini mbili linafaa likiwa jembamba tu. Lililogandishwa kwa gundi, likunjue kabisa na usikilize. Likilia, kurasa zitaanza kutoka kabla ya nusu ya muhula.

Kwa hesabu za madarasa ya chini, nunueni daftari la miraba hata kama orodha haikulitaja, mradi mwalimu hapingi. Mtoto anapojumlisha 345 na 67 kwenye daftari la mistari ya kawaida, mara nyingi ile 6 inakaa chini ya 3 na 7 chini ya 4, anapata 1015. Ukimuuliza kwa mdomo, anajua kujumlisha vizuri tu. Miraba inamlazimisha kila tarakimu iwe kwenye nyumba yake, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, naye anapata 412.

BEGI. Hapa naomba mnisikilize sana. Wataalamu wengi wa afya ya watoto wanashauri mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 20, basi ni kilo 2 hadi 3, begi lenyewe likiwemo. Piga hesabu: karatasi 16 za A4 zinatimiza mita moja ya mraba, kwa hiyo daftari la A4 lenye karatasi 100 za gramu 60 lina gramu 375 bila jalada. Matano ni karibu kilo 2. Ongeza chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni kilo nyingine nzima. Mtoto ameshajaa kabla hajaweka kitabu hata kimoja. Ndiyo maana kwa wadogo napendelea daftari la A5, nusu ya ukubwa, na begi lenyewe liwe jepesi likiwa tupu.

Mpeleke mtoto dukani avae. Mikanda iwe mipana na yenye sponji, iwe miwili, na yote ivaliwe. Kitako cha begi kisishuke zaidi ya sentimita 10 hivi chini ya kiuno. Halafu geuza begi utazame pale mkanda unaposhikana na mgongo: kama mshono ni mstari mmoja, utang'oka, tafuta ulioshonwa kwa kisanduku chenye alama ya msalaba ndani. Fungua na ufunge zipu kwa mkono mmoja, kwenye kona hasa. Ikikwama ikiwa mpya na begi likiwa tupu, haitapona likijaa. Na vitu vizito vikae upande wa mgongoni.

Nitaendelea na zana za kujifunzia. Karibuni mchangie.

MAMA WA WATATU

Asante sana mleta uzi. Mimi orodha zangu ni tatu na zote ndefu. Nianzie wapi?

MLETA UZI

Mama, anzia nyumbani. Mwaga mabegi yote matatu sakafuni, wao wenyewe wakiwepo. Rula, bikari, mkasi na kikokotoo haviishi kwa mwaka mmoja. Vikiwa vizima, vifute kwenye orodha. Madaftari ambayo hayakujaa, toa kurasa zilizotumika, zilizobaki zinafaa kwa mazoezi ya nyumbani. Rangi zijaribu moja moja kwenye karatasi. Ukimaliza hapo utakuta orodha imepungua sana, na kilichookolewa kiende kwenye begi bora au kamusi.

Pia mpigie mwalimu umuulize vipi vinatumika wiki ya kwanza na vipi baadaye. Vile vya baadaye havina haraka.

MWALIMU WA MADARASA YA CHINI

Naunga mkono hoja ya penseli kwa asilimia mia. Niongeze ya kwangu kutoka darasani.

Wazazi, mikebe yenye vitufe, vyumba vya siri na vioo inakula kipindi. Mtoto anaichezea wakati wenzake wanaandika. Kifuko cha zipu kinatosha, na kikianguka hakipigi kelele.

Andikeni jina kwenye kila kitu, hata ufutio. Penseli ichongwe kidogo karibu na kitako, jina liandikwe pale kwenye mbao. Kila siku nabaki na vitu visivyo na mwenyewe huku mtoto analia kwamba kaibiwa.

Rula iwe ya plastiki inayoonesha, ili mtoto auone mstari ulio chini yake. Na angalieni sifuri iko wapi. Kwenye rula nyingi sifuri iko ndani kidogo, si kwenye ukingo. Mtoto anayepima kuanzia ukingoni atapata majibu yenye makosa mwaka mzima asijue kwa nini. Muoneshe ile alama siku ya kwanza.

Kalamu za rangi na maka pen chagueni zilizotengenezwa kwa maji. Zile zenye harufu kali zina viyeyusho, na darasa lenye watoto wengi wakizifungua kwa pamoja hali inakuwa mbaya.

BABA WA MSHOTO

Binti yangu anatumia mkono wa kushoto, na kila akiandika anafuta alichoandika kwa kiganja chake. Kuna wanaosema nimlazimishe kulia. Mnanishauri nini kwenye vifaa?

MLETA UZI

Ndugu, usimlazimishe hata kidogo. Takriban mtu mmoja kati ya kumi anatumia kushoto, ni maumbile yake na hakuna cha kumtibu.

Kwenye vifaa: penseli iwe HB, si 2B, maana laini itamchafua zaidi. Akifika kwenye wino, mpe kalamu ambayo wino wake unakauka upesi. Andika mstari dukani, upitishe kidole mara moja, uone. Madaftari ya waya wa pembeni yatamuumiza mkono, kwa hiyo chukua yaliyofungwa kwa juu au yaliyoshonwa.

Mkasi ndio muhimu kupita vyote. Mkasi wa kawaida akiushika kwa kushoto, nguvu ya vidole inazitenganisha zile bapa mbili badala ya kuzibana, karatasi inajikunja bila kukatika. Isitoshe, bapa la juu linamficha mstari anaoufuata. Mkasi wa mashoto bapa la juu liko kushoto. Ukimpa huo utashangaa, mtoto aliyeitwa hajui kukata anakata vizuri siku hiyo hiyo.

La mwisho halihitaji kununua kitu. Daftari likae kidogo upande wake wa kushoto na sehemu ya juu ielekee kulia, penseli aishike juu kidogo kutoka nchani. Hapo mkono unapita chini ya mstari na haufuti. Na umwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili viwiko visigongane na vya mwenzake.

BABA WA MSHOTO

Mkasi! Nilikuwa silijui kabisa hilo. Mungu akubariki.

MLETA UZI

Amina. Sasa ZANA ZA KUJIFUNZIA. Jaribio langu ni swali moja: mtoto atafanya nini nacho? Kama jibu ni kutazama na kusikiliza tu, usikiharakie. Kama atapanga, atahesabu, atakumbuka au atajibu, hicho ndicho.

Kwa wanaoanza hesabu, hakuna kinachozidi vihesabio vya kushika: vifuniko vya chupa, vijiti, mbegu kubwa, au abakasi (fremu yenye shanga za kuhesabia). Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza mwaka 1966 kwamba mtoto hupita kwenye kutenda kwa mikono, kisha picha, kisha alama. Sisi tunaanza na alama, tunamwandikia 13 ubaoni na kushangaa haelewi. Mfungie vijiti kumi kwa uzi, weka vitatu pembeni, mwambie ahesabu. Ile 1 ya kwenye 13 ndiyo fungu lile. Mpe 13 kutoa 5: atalazimika kufungua fungu kwa mikono yake, na huko ndiko kukopa tunakokufundisha kwa maneno matupu.

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa kidole. Mnaweza kutengeneza wenyewe kwa karatasi ya manila, gundi na mchanga mwembamba.

CHATI, RAMANI NA ATLASI zinaniuma sana, kwa sababu mtoto anaamini kila kilichobandikwa ukutani, na zinazouzwa zina makosa mengi mno. Zikagueni hivi:

Ramani ya dunia au tufe: tafuta Sudan Kusini (nchi tangu 2011), Eswatini (jina tangu 2018), Makedonia Kaskazini (tangu 2019). Ikikosa ya kwanza, iache dukani.

Mfumo wa jua: Pluto ikihesabiwa sayari ya tisa, ni ya kabla ya 2006.

Jedwali la elementi: ziwe 118, na safu ya saba iwe na majina kamili. Ukiona Uut, Uup, Uus na Uuo, ujue ni la kabla ya majina kupitishwa mwaka 2016.

Tena kwenye ramani, itazame Greenland. Zile zilizochorwa kwa mtindo wa Mercator wa mwaka 1569 zinaionesha karibu sawa na Afrika, na ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Kwa hili tufe ni bora kuliko ramani, hata likiwa dogo.

Na tahadhari moja nzito kwa wenye watoto wadogo. Vifaa vya kujifunzia vinavyoimba au kuwaka taa vingi vina betri bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa chache. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Kikifunguka kwa kucha, usinunue hata kama kinafundisha lugha kumi. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo vivyo hivyo.

KIDATO CHA TATU

Shikamooni wakubwa. Mimi naingia kidato cha tatu. Kikokotoo nichagueje? Na zile kalamu za kuangazia maandishi, ninunue rangi ngapi?

MLETA UZI

Marahaba mwanangu. Kwanza uliza shuleni ni aina gani inaruhusiwa kwenye mtihani, maana vingi vinavyohifadhi programu hukataliwa mlangoni. Kisha dukani bonyeza 2 + 3 × 4. Kikikupa 14, kinafuata utaratibu wa hesabu. Kikikupa 20, ni cha kuhesabia mauzo. Halafu bonyeza sin 30. Jibu ni 0.5. Ukiona −0.988, usikitupe, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye digrii. Fanya hivyo kila mara kabla ya mtihani, kwa sababu wanafunzi hupoteza alama nyingi hapo huku wanajua kila kitu.

Bikari iwe na skrubu ya kukaza pale miguu inapokutana. Chora duara moja: mwisho wa mstari ukikutana na mwanzo, ni nzima.

Kalamu za kuangazia, moja inatosha. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea, na kuangazia maandishi ikawa miongoni mwa zenye faida ndogo. Zilizoshinda ni mbili: kujiuliza maswali, na kusambaza masomo kwa siku nyingi. Kwa hiyo nunua manila, ukate kadi ndogo. Swali mbele, jibu nyuma. Tafuta visanduku vitatu: kadi mpya na ulizokosea zikae cha kwanza, uzipitie kila siku, ukipata, ihamie cha pili, cha kila baada ya siku mbili tatu, ukipata tena, cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Ukikosa popote, inarudi cha kwanza. Mtindo huu ulienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970. Jibu kwa sauti kabla hujageuza kadi. Ukigeuza kwanza, unasoma tu.

MPENDA TEKNOLOJIA

Mkuu, uzi mzuri ila naona umeegemea mambo ya zamani. Kishikwambi kimoja kinabeba kamusi, atlasi inayojisahihisha, kadi zako zote, na hakina kilo 3. Kwa nini tusiwekeze huko?

MLETA UZI

Hoja yako ina uzito ndugu, na kwa mwanafunzi mkubwa nakubali sehemu kubwa, hasa kamusi na ramani. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, maandishi yanayokuzwa na sauti inayosoma ni mkombozi kabisa, wala hapo sina mjadala.

Ila jaribio ni lile lile. Fungua programu ukae nayo robo saa. Inamtaka mtoto aandike jibu, au inampa video na kumpigia makofi? Inafanya kazi bila intaneti? Ina matangazo? Akikosea inamweleza, au inamwambia tu jaribu tena? Nyingi zinaanguka kwenye swali la kwanza. Na kwa anayejifunza kuumba herufi, kugusa kioo hakuwezi kuchukua nafasi ya penseli. Kinunuliwe baada ya vya kila saa kutimia, kikae sebuleni na si kitandani, na kila dakika 20 apumzishe macho kwa kutazama mbali.

MWALIMU WA MADARASA YA CHINI

Hapo nakubaliana. Na tafadhali kisije darasani kabla ya kuulizia.

MAMA WA WATATU

Nimemwaga mabegi kama ulivyosema. Nimepata rula nne, mikasi miwili na penseli nyingi za nusu. Penseli fupi nizitupe?

MLETA UZI

Usitupe, mama. Zikiwa fupi kuliko upana wa kiganja chake zinamkunja vidole, kwa hiyo shuleni abebe ndefu. Hizo fupi zichonge uziweke nyumbani kwa kuchorea na kupigia mistari. Rula ya nne mpe jirani asiye nayo, na mikasi hakikisha ncha zake ni butu kabla hujaipanga kwenye mabegi.